Wekundu wa Mahame

Picha ilipokunjuliwa juu ya meza ya ofisi ya kijiji, mwenyekiti Elieza alirudi nyuma hatua moja.

"Hii nchi inawaka moto," alisema.

Na kweli, ungeitazama wewe ungesema vilevile. Ilikuwa karatasi inayong'aa, pana kama kanga iliyotandazwa, na rangi zake hazikuwa za nchi yoyote ambayo watu wa Mkoleni walikuwa wameiona. Sehemu kubwa ilikuwa kijivu na bluu iliyochujuka, kama shati la mtumba lililokwisha kuvaliwa na watu watatu. Halafu, hapa na pale, madoa mekundu. Mengine madogo kama punje ya mtama, na moja, upande wa machweo, kubwa kuliko kucha ya kidole gumba.

Bwana maji alicheka, akabana pembe za karatasi kwa kikombe na kufuli. Aliitwa Ambokile, kijana wa Rungwe, ana miezi mitatu tu tangu ahamishiwe Dodoma. Alikuwa amepanga chumba Miyuji, na kila mara alipotazama nje dirishani kwenye vumbi la mwezi wa nane alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa kitu asichokijua jina.

"Si moto, mwenyekiti. Hiyo ni picha ya setelaiti. Chombo kinazunguka huko juu, kilometa mia saba. Ni kama kutoka hapa mpaka Mwanza, ila unakwenda juu tu."

"Na kinatuona?"

"Watu hapana. Nukta moja ya picha hii ni uwanja wa hatua arobaini kwa arobaini. Mtu anapotea humo."

Kamati ya maji ilikuwa na watu sita, na watano kati yao walinyamaza. Wa sita alikuwa Bibi Debora. Mwenyekiti alikuwa ameliandika jina lake kwa sababu utaratibu mpya ulitaka wanawake nusu, na kwa sababu alikuwa mpole, amesoma mpaka darasa la tatu misheni na anaweza kuweka saini. Mwenyekiti alidhani mtu mpole haulizi maswali.

"Mjukuu wangu," alisema Debora, "kama si moto, huo wekundu ni nini?"

"Ni majani mabichi, bibi."

Watu wakacheka. Generosa, jirani yake na mwanakamati mwenzake, alimpiga kiwiko. "Umesikia? Huko kwao Mbeya majani ni mekundu."

Ambokile hakuudhika. Alivuta kigoda akaketi, wakawa wanatazamana usawa. "Jicho letu lina mwisho wake, bibi. Jani bichi linarudisha mwanga mwingine ambao sisi hatuuoni kabisa. Setelaiti inauona. Sasa tukitaka kuuchora kwenye karatasi, tuuchore kwa rangi gani, na hauna rangi? Wataalamu wakaamua, tuuite mwekundu."

"Kwa hiyo wekundu wake ni jina la kupewa."

"La kupewa tu."

"Kama mtoto anavyobatizwa."

"Hivyohivyo."

Debora aliinamia tena ile karatasi. Alikuwa na miaka sitini na tano, na hakuwahi kuwaza kwamba jani la mlenda alilolichuma jana lilikuwa linatoa mwanga ambao hakuwa amepewa macho ya kuuona. Jambo hilo lilimfurahisha kwa namna ambayo hakuweza kuieleza, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba kingine.

"Na maji yako wapi humu?"

"Maji ya chini ya ardhi hayapigiki picha. Lakini picha hii ni ya mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na tano, kiangazi kikali kama hiki. Mvua hakuna tangu mwezi wa nne. Mti ulio mbichi wakati huo unakunywa mahali. Mtungi hatuuoni, ila tunawaona wanaokunywa."

"Kila jani bichi?"

"Kila jani bichi, bibi."

Kisha akaeleza yaliyomleta. Mradi ulikuwa unatoa tundu moja la kisima kwa kila kijiji, tundu moja tu. Mtambo wa kuchimbia siku hizi si wa serikali, ni wa kampuni ya watu binafsi, nao wana ratiba yao. Ukitoa vumbi badala ya maji unafungwa kwenye lori, unakwenda kijiji cha mbele, na jina la Mkoleni linapigwa mstari. Mashine ya kupimia ardhi kwa nyaya ilikuwa kazini Kondoa, haitarudi kabla ya mvua. Walichokuwa nacho ni picha hii.

Akaweka kidole kwenye lile doa kubwa. "Hapa ni wapi?"

Debora na Generosa walitazamana.

"Hapo ni Nzasa," alisema Generosa taratibu. "Mahame yetu."

Mwaka wa sabini na nne, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, malori yalikuja Nzasa asubuhi, na jioni Nzasa haikuwa na mtu. Familia kumi na tisa zilishushwa Mkoleni pamoja na watu wa vitongoji vingine. Wengi walisahau. Debora hakusahau, kwa sababu mumewe Bartolomayo alizikwa kule, ubavuni mwa zizi, mwaka mmoja kabla ya malori. Siku hizi kila kitu kilikuwa ruhusa: mtu kufungua duka ruhusa, kuuza mahindi kokote ruhusa, kurudi mahameni vilevile hakuna wa kukukataza. Ila nani arudi mahali pasipo na maji, na zahanati na shule viko Mkoleni? Kisima kikichimbwa Nzasa, mambo yangegeuka. Kijiji chenyewe kingefuata maji.

"Pana miti mibichi pale?" Ambokile aliuliza.

"Pana," alijibu Debora.

"Hata sasa, kiangazi hiki?"

"Hata sasa."

"Mingi?"

"Mingi. Huwezi kupita."

Kila neno lilikuwa kweli.

Mwenyekiti Elieza alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. "Setelaiti imeona maji!" alisema, na kabla jua halijapinda maneno hayo yalikuwa yamefika kwenye mashine ya kusaga, kanisani, na kwa wauza ng'ombe waliokuwa wanakwenda mnadani. Setelaiti imeona maji Nzasa. Hakuna aliyesema imeona majani.

Ambokile alipokuwa anakunja picha yake, Debora alimfuata mpaka kwenye Landrova. Dereva wake, Halfani, Mrangi wa Kondoa mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, alikuwa amelala, kichwa juu ya usukani.

"Mjukuu wangu, kila picha ina siku yake. Hakuna nyingine ya zamani? Ya kabla hatujahama?"

Ambokile alifikiri. "Zilianza kupigwa mwaka wa sabini na mbili. Ziko Dar es Salaam. Unaitakia nini?"

"Nione tu."

Halfani alifungua jicho moja. "Bosi, mwandikie. Ukikataa ombi la bibi wa Kigogo, gari litaharibikia Gulwe."

Ambokile aliandika kwenye daftari.

*

Jioni ile Generosa alikuja na kigoda chake, jambo ambalo alilifanya tu alipokuwa na mazungumzo marefu.

"Nitajenga tembe palepale penye tembe la mama," alisema. "Mlango utazame kilima. Hapa Mkoleni nimekaa miaka ishirini na mitatu mlango unatazama choo cha watu."

"Hata mimi."

"Wewe utalala karibu na mzee wako. Siku yako ikifika hawatakubeba mbali."

Walicheka. Debora alilala akiwa na furaha. Lakini alfajiri alipokuwa anawasha moto, kilichokuwa kinamzunguka kichwani hakikuwa tembe wala kaburi. Lilikuwa lile neno, "bichi". Kila jani bichi, kijana alisema. Debora alitaka kuona kwa chini kile ambacho kule juu kilionekana chekundu. Alitaka asimame katikati ya lile doa, ageuke pande zote. Akachukua panga na kibuyu cha maji, akaondoka.

Nzasa ni mwendo wa saa mbili. Alipofika alisimama mbali kwanza. Kumbukumbu ilikuwa na nyumba, na mbele yake palikuwa na ukuta wa kijani, mrefu kuliko tembe, mnene, umefungana juu na chini. Ilikuwa minyaa. Zamani kila zizi na kila ua wa Nzasa ulizungushiwa minyaa, ikipogolewa kila mwaka isipite kifua cha mtu. Watu walipoondoka, minyaa haikuhama. Miaka ishirini na mitatu ilikuwa imejiotea, imeanguka, imeota pale ilipoangukia, mpaka nyua zote kumi na tisa zikawa kichaka kimoja.

Aliuzunguka ule msitu pole pole, akitafuta kitu kingine kibichi. Nyasi zilikuwa nyeupe, zinakatika kwa kuguswa. Mtundwe uliokuwa karibu na njia ulikuwa mifupa mitupu. Mkole, mifupa. Kila alipoona kijani na kusogea, ni mnyaa. Hakuweza kufika kaburini. Alikata njia hatua kumi, utomvu mweupe ukaanza kumwagika kila mahali, akasimama asije akapofuka macho.

Alikaa chini kwenye kipande cha kivuli. Je, yale maji tulikuwa tunachota wapi? Alijiuliza kama mtu anayemuuliza mgeni, na jibu alikuwa nalo siku zote. Walikuwa wanachota korongoni, mwendo wa saa nzima kila upande, kwenye mashimo ya mchangani yaliyozungushiwa miiba. Nzasa haikuwahi kuwa na tone. Mama mkwe wake alikuwa akisema wanaume walichagua Nzasa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, kwa sababu hawakuwa wao wa kubeba mitungi.

Alikata tawi moja la mnyaa. Wakati wa kurudi alipita korongoni. Palikuwa kimya, mchanga mtupu. Yale mashimo yalikufa zamani, maana chini ya mchanga kuna jiwe na jembe huishia hapo. Lakini ukingoni mikababu ilikuwa imesimama na majani yake kama kawaida yake, mti mkaidi ule, unaopukutisha wakati wa mvua na kuvaa wakati wa njaa. Akakata tawi lake pia.

Nyumbani aliyaweka yote mawili juu ya paa la banda la kuku, kwenye jua kali, bila tone la maji. Hakuwa anathibitisha kitu. Alitaka kuona tu.

Tawi la mkababu lilinyauka kabla ya jioni. Siku ya pili lilikuwa majani ya kuwashia moto. Lile la mnyaa, siku ya pili lilikuwa vilevile. Siku ya nne vilevile. Siku ya sita alilibinya kwa ukucha, likatoa maziwa.

"Unaanika minyaa siku hizi?" Generosa alikuwa amesimama nyuma yake, ndoo tupu kichwani.

"Naitazama."

"Inakusalimia?"

Debora alimweleza. Hakuzunguka. Generosa alisikiliza, akaishusha ndoo, na uso wake ukafungika kama mlango.

"Umeulizwa nini wewe? Umeulizwa kama pana miti. Umejibu. Basi."

"Hakuuliza miti gani."

"Ndiyo, hakuuliza! Yeye ndiye msomi. Yeye ndiye mwenye chombo kinachozunguka mpaka Mwanza. Na wewe darasa la tatu unataka kumsahihishia daftari?" Alishika kiuno. "Halafu nani amekwenda chini ya minyaa akaona hakuna maji? Wewe umekwenda? Labda yapo. Mita mia huko chini yapo."

"Labda."

"Basi nyamaza, mwenzangu. Nakuomba. Tumebaki wangapi wa Nzasa? Ukinyamaza tunarudi kwetu."

Debora aliligeukia tena lile tawi. Neno lile, "labda", alilishika kwa mikono miwili, akalala nalo. Jiwe la Nzasa hakuna aliyelipasua, na kweli hakuna ajuaye kilicho chini. Lakini kama mtambo ungetoa vumbi, watu mia sita wa Mkoleni wangeendelea kwenda mto Kinyasungwe kufukua mchanga, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na kati yao ni yeye peke yake aliyelibinya lile tawi siku ya sita. Alijiambia atangoja. Kama ile picha ya zamani ingeonyesha Nzasa nyekundu, hata wakati ule minyaa ilipokuwa ua mfupi tu, basi kulikuwa na kitu chini, naye angefunga mdomo kwa amani. Hakuwahi kutaka kitu kiwe chekundu namna ile.

*

Landrova ilirudi siku ya kumi na moja ya lile tawi. Nyuma kulikuwa na kigingi cha kuonyesha mahali pa kuchimba, kimepakwa rangi nyeupe, na habari kwamba mtambo uko Gulwe, kesho asubuhi utafika. Nusu ya kijiji ilikuwa mbele ya ofisi.

"Shikamoo, bibi," alisema Ambokile.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja nayo?"

Alicheka, akatoa bahasha. "Mwezi wa nane, sabini na tatu. Haionyeshi vizuri kama hii mpya, nukta zake ni kubwa. Nimekuletea Nzasa yako."

Wakaziweka meza moja, ya zamani na ya sasa, bega kwa bega. Debora alivaa miwani iliyofungwa uzi. Kwanza alitafuta reli, mstari mwembamba, kisha kilima, kisha akatelemka na kidole upande wa machweo kama anavyotelemka mtu anayekwenda kwao. Kidole kikafika.

Nzasa ilikuwa nyeupe. Weupe wa ardhi iliyokanyagwa na kwato, bila hata punje ya wekundu. Nyumba kumi na tisa, ng'ombe, Bartolomayo akiwa hai au amekwisha kufa wiki hiyohiyo, yote yakiwa ndani ya weupe usiozidi ukucha.

Wekundu haukuwepo wakati ule, uliota baada yao.

Aliutazama muda mrefu, mpaka watu wakaanza kunong'ona. Alihisi mkono wa Generosa umeshika pindo la kanga yake kwa nyuma, unavuta. Haukuvuta kwa nguvu. Ulikuwa unakumbusha tu.

"Mjukuu wangu," alisema Debora. "Siku ile uliniuliza kama Nzasa pana miti mibichi, nikakwambia pana. Ni minyaa. Yote. Hakuna mti mwingine."

"Minyaa?" Ambokile alimgeukia dereva. "Ndiyo ipi?"

Halfani alishika kichwa. "Bosi! Ndiyo ile iliyozunguka choo cha ofisi yako. Ile ng'oa, itupe juu ya bati, mwaka uishe, inakutazama tu."

Watu wakacheka, ila si Elieza. "Bibi, mtambo umeshafika Gulwe," alisema. "Usituharibie. Setelaiti imeona maji."

"Imeona majani, mwenyekiti." Debora alitoa lile tawi kwenye kikapu, akaliweka juu ya picha mbili. "Hili lina siku kumi na moja juu ya banda langu la kuku. Halina mzizi. Linakunywa wapi?"

Ambokile aliligusa, akalivunja ncha. Maziwa yakachomoza. Masikio ya kijana yakabadilika rangi. "Nilikwambia kila jani bichi," alisema.

"Uliniambia. Ndiyo nikaenda kutazama."

Elieza hakuwa amekubali. Aligeuka, akatafuta msaada mahali alipojua upo. "Mama Generosa. Wewe umezaliwa palepale Nzasa. Waambie. Maji hayakuwepo? Mlikuwa mnachota wapi?"

Watu wote wakamgeukia Generosa. Debora hakugeuka kumtazama mwenzake. Alisikia tu ule mkono ukiachia pindo la kanga.

"Korongoni," alisema Generosa. "Tulichota korongoni. Kila siku ya Mungu." Akapita katikati ya watu, akatoka.

Ambokile sasa alikuwa ameinama pua karibu na karatasi. "Korongo gani? Nionyeshe." Debora akamwonyesha. Palikuwa na vinukta vyekundu, vidogo, ambavyo siku ile ya kwanza hakuna aliyevihesabu kuwa kitu. Vilikuwepo kwenye picha ya sasa. Na kwenye ya zamani vilikuwepo, palepale, kama uzi. Kijana alichukua rula akailaza. Uzi ukalala pamoja na rula, kutoka kilimani mpaka ukingo wa karatasi.

"Mto hauendi hivi," alisema, akiongea zaidi na nafsi yake. "Mto unapinda. Hiki ni kitu kilichonyooka. Bibi, huu ni ufa. Mwamba umepasuka hapa, maji yanapita humo, na miti imejipanga juu ya ufa. Miti gani hii?"

"Mikababu."

"Na yenyewe ukiikata?"

"Haimalizi siku."

Ambokile alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyepata na kuaibika kwa wakati mmoja. "Halfani, washa gari."

"Na Nzasa?" Debora aliuliza. Alijua, lakini alitaka lisemwe na mwenye elimu yake. "Chini kabisa, mita mia. Labda?"

Kijana alimtazama, na safari hii hakujibu haraka. "Siwezi kusema hakuna, bibi. Lakini nina tundu moja."

"Haya," alisema Debora, akavua miwani.

*

Kigingi kilipigwa ukingoni mwa korongo, nusu saa kwa mguu kutoka Mkoleni. Mtambo ulifika na wanaume wanne wasiotaka maswali, ukasimamisha mlingoti wake, ukaanza kupiga kelele iliyofukuza ndege wote. Siku ya kwanza ulitoa mchanga, halafu vumbi la jiwe, jeupe kama unga wa mhogo. Watu walikaa mbali wakitazama vumbi hilo na hawakuwa wanaongea na Debora sana. Elieza alimpita mara mbili bila salamu. Usiku ule Debora, ingawa alikuwa mtu wa sala fupi, alisali kwa kirefu.

Generosa hakuonekana siku mbili. Moshi tu ulitoka nyumbani kwake.

Siku ya pili, mtambo ukiwa umefika mita hamsini na nne, sauti yake ilibadilika. Fundi aliinua mkono. Vumbi likawa zito, likawa tope la kijivu, likaanza kurushwa vipande vipande, na halafu yakaja maji, machafu, mengi, yanapiga juu na kuanguka kwenye mchanga kwa kishindo ambacho Debora alikisikia tumboni. Watu walikimbilia pale na vigelegele. Elieza alikuwa ameloa mpaka kifuani, anacheka kama kichaa. Alipomwona Debora alimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, bibi, mbukwa!" kama vile wameonana leo kwa mara ya kwanza.

Ambokile alikinga kikombe, akangoja tope litulie, akampa. Debora alionja. Yalikuwa ya baridi, na yana chumvi kidogo.

"Ni mabaya?" kijana aliuliza kwa wasiwasi.

"Ni maji. Tutapunguza chumvi kwenye mlenda."

Alipogeuza uso alimwona Generosa, amesimama mbali na wengine, ndoo mkononi. Alikuja mpaka karibu, macho kwenye lile povu la kijivu, si kwa Debora. Wakasimama sambamba. Kelele zilikuwa nyingi, ikabidi aongee kwa nguvu.

"Kwa hiyo haturudi."

"Haturudi, mwenzangu."

Generosa alitafuna midomo. Machozi yalikuwepo, ila watu wote pale walikuwa wameloa nyuso, hayakuonekana kuwa kitu.

"Uliona nini?" aliuliza. "Kwenye ile ya zamani. Mimi sikutazama."

"Peupe."

"Peupe tu?"

"Peupe kabisa. Tulikuwa tumepakanyaga mpaka pakang'aa."

Generosa aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeletewa salamu za mbali. Kisha akainua ndoo yake, akamsukuma Debora kwa nyonga.

"Sogea basi, umesimama kwenye maji. Nipishe nichote."